Shela Twaiona, Mwanamke Yu Wapi?

Ni chache nyumba za pwani yetu ambazo hazijapata kuililia filamu ya Kihindi. Mama zetu walikwenda senema kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, wakarudi na nyimbo na machozi. Hatuwalaumu. Twauliza jambo moja tu: yule mwanamke wa Kiislamu waliyemwona pale, alikuwa nani?

Tazama "Chaudhvin Ka Chand" ya mwaka 1960 na "Mere Mehboob" ya 1963. Hadithi zote mbili zasimama juu ya shela: uso umefichwa, watu wachanganyikiwa, na mkasa wazaliwa. Vazi la staha limegeuzwa fumbo la kuchezea watazamaji.

Kisha zikaja "Pakeezah" ya 1972 na "Umrao Jaan" ya 1981. Hapa mwanamke ni tawaif, mwimbaji na mchezaji mbele ya wanaume wenye mali. Umrao aliibwa utotoni akauzwa, hakuchagua. Filamu yamhurumia, na hilo twalikubali. Lakini dhiki yake imevishwa hariri na dhahabu hata yaonekana pambo. Na yule asomaye, afanyaye biashara, aleaye wanawe kwa jasho lake, hapati nafasi.

Tuseme haki: "Nikaah" ya B.R. Chopra, ya 1982, yatofautiana. Nilofar aachwa kwa hasira ya mume. Mume wa pili, akidhani bado ampenda wa kwanza, ataka kumrudisha kwake. Hapo Nilofar awakemea wote wawili: yeye si kitu cha kupeana. Alhamdulillahi, mwanamke amesema!

Ila katika filamu hiyo talaka ni neno la hasira tu. Wapatanishi waliotajwa katika Suratun Nisaa hawaonekani, wala ile amri ya Suratul Baqara ya kukaa kwa wema au kuachana kwa wema. Lakini tusiikasirikie filamu kabla ya kujitazama wenyewe. Ni waume wangapi katika mitaa yetu watamkao talaka kama alivyotamka yule?

Basi, ewe mzazi, utazamapo filamu hizi na binti yako, usizime tu wala usinyamaze. Muulize: "Mwanamke huyu ameamua nini kwa akili yake?" Akikosa jibu, mweleze habari za Bibi Khadija, mfanyabiashara, na Bibi Aisha, aliyewasomesha wanaume. Asije akadhani kwamba Uislamu wake ni shela na machozi.