Miisho Miwili ya Sholay: Suala la Matoleo katika Uhakiki wa Filamu

Mhakiki wa fasihi simulizi hashangai akutapo ngano moja ikisimuliwa kwa namna mbili au tatu. Wala msomi wa tenzi hashangai miswada inapohitilafiana katika beti. Tofauti hizo ni sehemu ya kazi yake. Filamu, kwa upande wake, imezoeleka kuchukuliwa kuwa kitu kilichokamilika, ambacho kikishapigwa hakibadiliki. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe, na mfano mzuri ni filamu ya Kihindi iitwayo Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar.

Filamu hii ilianza kuonyeshwa tarehe 15 Agosti 1975, wiki saba hivi baada ya kutangazwa Hali ya Hatari nchini India. Kisa chake wanakijua watazamaji wengi wa filamu za Kihindi, wakiwamo wale wa miji ya pwani yetu. Thakur Baldev Singh, aliyekuwa afisa wa polisi, anawakodi wahalifu wawili, Veeru na Jai, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Gabbar ndiye aliyewaua jamaa zake na kumkata mikono yote miwili. Katika toleo la asili, Thakur anamwua Gabbar kwa miguu yake. Bodi ya udhibiti haikuridhia. Ilichelea kwamba watazamaji wangefunzwa kujichukulia sheria mkononi. Sippy alilazimika kupiga upya mwisho wa filamu, ambamo polisi wanawasili kabla Gabbar hajakata roho. Kwa miaka 15 umma ulilijua toleo hilo tu, hadi lile la asili lilipotolewa katika kanda ya video nchini Uingereza mwaka 1990. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa asili, ilionyeshwa mjini Bologna, Italia.

Hatuulizi ni mwisho upi unaopendeza zaidi. Tunauliza: mabadiliko ya dakika chache yanafanya nini katika sehemu ambazo hazikuguswa?

Tuchukue taswira ya mikono. Alipokuwa polisi, Thakur alimkamata Gabbar kwa mikono yake na kuifananisha na kitanzi. Ndiyo maana Gabbar anaikata. Kwa muda mrefu Thakur anajifunika shali, na mtazamaji hatambui upungufu wake mpaka siri inapofichuliwa. Basi mikono hii ni mikono ya sheria, na sheria imekatwa. Ndiyo sababu anatafuta wahalifu badala ya askari, na ndiyo sababu anamtaka Gabbar akiwa hai. Hata Veeru anapokaribia kumwua Gabbar, Thakur anamkumbusha ahadi ya Jai. Matukio yote haya yanaelekea mahali pamoja: pale ambapo miguu itatenda yasiyoweza kutendwa na mikono. Katika toleo la udhibiti viatu vyenye misumari vingalipo, na vinaiponda mikono ya Gabbar. Lakini tendo lenyewe linakatizwa. Sheria ambayo haikuwakinga wanakijiji wa Ramgarh inatokea ghafla kudai haki yake. Hivyo maandalizi ya filamu nzima yanabaki bila tamati yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila kilichokatwa ni hasara. Mauaji ya Ahmed, mwana wa imamu, nayo yalipunguzwa. Katika toleo lililotolewa, Gabbar anamponda mdudu anayetambaa mkononi mwake, kisha tunamwona farasi akiurejesha mwili wa kijana kijijini. Hapa ukimya una nguvu kuliko damu, kwa kuwa mdudu yule anatosha kutueleza thamani ya maisha ya mtu machoni pa Gabbar. Upungufu umezibwa na mantiki ya kazi yenyewe. Mwishoni, kinyume chake, upungufu umezibwa kwa amri iliyotoka nje ya kazi.

Hiki ndicho kipimo tunachokipendekeza. Tofauti baina ya matoleo haina uzito kwa sababu tu inaonekana. Ina uzito inapobadili maana ya yale yaliyobaki vilevile. Aidha, kupatikana kwa toleo la asili hakulifuti lile la udhibiti. Hilo ndilo walilolijadili na kulikariri watazamaji wa kwanza, nalo ni ushahidi wa jinsi dola ilivyotaka kuonekana mwaka 1975: yenye kufika kwa wakati. Mhariri wa tenzi hutaja mswada alioutumia kabla ya kutoa hukumu yoyote. Mhakiki wa filamu hana budi kufanya vivyo hivyo, kwani anayesema kwamba Sholay inatetea sheria na anayesema kwamba inatetea kisasi huenda wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kuhusu filamu yake.