Jani Moja, Jicho Moja: Somo la Kitalu cha Chai

Mwaka 2011 wakulima wa chai nchini Kenya walipata aina mpya, TRFK 306, yenye majani ya rangi ya zambarau. Aina kama hiyo huwezi kuisambaza kwa mbegu ukategemea ibaki ilivyo, kwa kuwa michai huchavushana kichaka na kichaka, na watoto hawatoki sawa na mama. Inabidi ukate. Na vitalu vya chai hukata kwa ubahili wa ajabu: kipandikizi kizima ni jani moja, jicho moja kwapani mwa jani hilo, na kipande cha shina cha sentimita 3 au 4 chini yake. Mwenye bustani anayeanza, ambaye amechomeka kijiti cha haibiskasi chenye majani kumi na kukikuta kimelala siku ya tatu, ana haki ya kuuliza mbona kile kidogo hushika na chake hufa.

Kipandikizi hakifi kwa njaa, hufa kwa kiu. Shina likishakatwa halina mizizi ya kuvuta maji, lakini majani hayana habari. Yanaendelea kutoa mvuke kama jana. Kidonda cha chini hunyonya kidogo tu, na kadiri majani yalivyo mengi ndivyo hasara inavyozidi. Wapo wanaolielewa hilo nusu, wakayapukutisha majani yote. Hapo wamelitupa jiko. Jani ndilo linalopika sukari ya kujengea mizizi, tena kutoka kwenye majani machanga na macho hushuka oksini, homoni inayoziamsha seli za chini ya shina zigeuke mizizi. Kwa hiyo chai huachiwa jani lake moja, na nguvu zote za kitalu huelekezwa kwenye kulizuia lisikauke.

Viriba vyenye vipandikizi hupangwa kwenye tuta, humwagiliwa vikashiba, kisha tuta lote hufunikwa kwa karatasi ya nailoni iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa, na kingo zake zikafukiwa kwa udongo. Ndani hewa hujaa unyevunyevu, matone huganda kwenye nailoni na kurudi chini. Jani lililozungukwa na hewa iliyoshiba maji halina pa kupelekea mvuke wake, likatulia. Juu ya yote hayo huwekwa kivuli, nacho si pambo: nailoni iliyofungwa ikipigwa na jua la mchana huchemsha kilichomo. Baada ya hapo hakuna anayefunua ovyo kwa muda wa miezi miwili mitatu, na hilo naona ndilo gumu kuliko yote kwa anayeanza, maana mkono unawasha kutaka kuchungulia.

Nyumbani kazi hiyo hufanywa na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Ifunike juu ya kopo la kupandia, kizibo kikiwa kimefungwa, uiweke barazani au chini ya mti penye mwanga usio jua kali. Ukiona ukungu ndani ya chupa, acha. Ukungu ukipotea, ongeza maji kidogo.

Udongo nao huwashangaza wengi. Sehemu ya juu ya kiriba cha chai, pale kipandikizi kinapochomekwa, hujazwa udongo wa chini uliochimbwa kina, wenye tindikali na usio na mboji. Samadi ambayo mkulima angeitamani hapa ni adui: kidonda kibichi kikikaa kwenye kitu kinachooza, nacho huoza, na mizizi ya kuila mbolea hiyo bado haipo. Kwa maua ya nyumbani mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa na udongo kidogo, unatosha. Wa pwani una chumvi, uache.

Tawi lenyewe lisiwe kongwe wala changa mno. Kitaluni ncha laini hutupwa na sehemu ya chini iliyokuwa ngumu ya kahawia hutupwa. Hutumika ya katikati, iliyoanza kukomaa ikiwa bado ya kijani. Kata asubuhi, kwa wembe au kisu kikali, maana makali butu husaga shina badala ya kulikata, kisha weka vipande ndani ya maji papo hapo. Haibiskasi iachie mafundo mawili matatu, ukate chini kidogo ya fundo la mwisho, na jani pana ulipunguze nusu. Kumbuka upande upi ulikuwa juu; kikigeuzwa kichwa chini, mizizi hupata shida. Unga wa homoni wa maduka ya pembejeo husaidia mimea migumu. Kwa haibiskasi au nanaa sioni sababu ya kuutolea pesa.

Bogenvilia ndiyo inayodanganya watu. Huchipua majani mapya, mwenyewe akashangilia, akaondoa chupa na kuitoa juani, kesho yake imekauka. Majani yale yalichipuka kwa akiba iliyokuwa shinani. Chini hakuna kitu. Tazama matundu ya chini ya kopo: mizizi myeupe ikianza kuchungulia, hapo fungua kizibo cha chupa, siku kadhaa baadaye inyanyue kidogo, kisha iondoe. Kitalu cha chai nacho hufunua nailoni yake hatua kwa hatua vivyo hivyo, na mbolea hufuata baadaye.

Usipoteze chupa zako kwa mwembe wala mparachichi; vijiti vyake hushika kwa taabu, ndiyo maana miche yake bora huunganishwa juu ya shina lililotokana na mbegu. Mnazi ndio hauna hata pa kukata, kwani jicho lake la kukua ni moja tu, huko kileleni.