Unyoya Mmoja Mmoja

Uani kwetu, Buyenzi mjini Bujumbura, huja ndege mweusi na mweupe ambaye mkia wake haujui kutulia. Warundi wanamwita inyamanza. Anatembea juu ya saruji iliyolowa maji ya kufulia, anadokoa mdudu, mkia unapanda na kushuka, anaruka ukutani, anarudi. Watoto wa nyumba hii wamekua naye na hakuna anayemrushia jiwe. Mimi niliishi naye miaka mingi bila kumtazama. Siku nilipomwelekezea lenzi ya milimita 400 kwa mara ya kwanza, nikabonyeza, kwenye kioo cha kamera likatokea doa la kijivu lenye miguu miwili.

Doa lile ndilo mwalimu wangu wa kwanza. Nilidhani kwamba ukiwa na lenzi ndefu umeshampata ndege. Kumbe lenzi ndefu haichagui cha kukuza. Inamkuza ndege, inakuza na pumzi yako, na mapigo ya moyo wako yanayofika kwenye vidole. Wapiga foto wa zamani walikuwa na kanuni yao: kasi ya shata isiwe chini ya urefu wa lenzi, yaani kwa milimita 400 usiteremke chini ya sehemu moja ya 400 ya sekunde. Kanuni ni nzuri, ila inauhusu mkono wako tu. Lenzi za leo zina kitulizo ndani yake, mkono ukitikisika kinausawazisha. Ndege akitikisika hakuna kinachomsawazisha. Inyamanza anayetembea anataka sehemu moja ya 1,000. Akiwa anaondoka anataka ya 2,000, na hapo bado ncha za mabawa zinaweza kufifia.

Kasi hiyo inalipiwa kwa mwanga. Shata ikifunguka kwa muda mfupi hivyo, mwanga unaoingia ni kidogo, na unalazimika kupandisha ISO mpaka picha inaanza kujaa chenga. Wanaoanza huziogopa chenga, wakapunguza kasi ya shata ili kuziepuka. Mimi nasema wasiziogope. Chenga husafishika, mtikisiko haufutiki.

Jambo la pili nililojifunza uani ni wembamba wa mahali penye ukali. Ndege akiwa umbali wa mita 5, lenzi ya milimita 400, tundu la mwanga f/5.6, sehemu inayoonekana vizuri mbele yako haizidi sentimita 5 hivi. Upana wa vidole vitatu. Mdomo ukiwa ndani yake, mkia uko nje. Kwa hiyo lazima uchague, na uchaguzi ni mmoja tu: jicho. Jicho likiwa kali, na ndani yake kinametameta kinukta cha mwanga wa asubuhi, mtazamaji atakusamehe mkia uliofifia na hata mguu uliofichwa na jani. Jicho likififia, hata unyoya uliochongeka namna gani hautaiokoa picha. Nina picha zaidi ya 300 za ndege wa matete ambazo tete limetoka vizuri kabisa, kila uzi wake unahesabika, na ndege nyuma yake ni moshi. Kamera ilishika kilichokuwa karibu. Siku hizi naiweka ishike nukta moja tu, na nukta hiyo naibandika juu ya jicho.

Mwanga nao una desturi zake hapa Bujumbura, na anayepiga ndege lazima azijue kama mvuvi anavyojua upepo. Mji umekaa kati ya milima na maji. Asubuhi jua linachelewa kidogo nyuma ya milima ya Mumirwa, kisha linashuka juu ya tambarare ya Imbo kuelekea ziwani. Basi asubuhi ipe milima mgongo, utazame Tanganyika, na ndege aliye ukingoni atakuwa amemulikwa usoni. Jioni geuka: jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, upande wa Uvira, na usipogeuka, ndege yuleyule aliye mbele ya maji atakuwa kivuli cheusi tu. Ikifika saa nne asubuhi hewa juu ya mchanga inaanza kucheza, na hakuna lenzi, hata ya bei ya gari, inayoweza kunyoosha hewa iliyopata moto. Kiangazi kuna vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Asubuhi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayofuata usiku wa mvua, milima ya ng'ambo ikionekana karibu kana kwamba mtu ameisogeza. Siku hiyo hata ndege wa kahawia ana rangi kumi.

Asubuhi kama hiyo ndiyo iliyonipeleka Rusizi, kwenye delta, pale mto unaotoka Ziwa Kivu unapoingia Tanganyika. Ni mbuga ya taifa, na tangu 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Kuna mamba na viboko, kwa hiyo mtu hatembei ovyo na jicho lililofungwa kwenye kamera. Nilikuwa kwenye mtumbwi na mzee mmoja anayeyajua mafunjo yale kama mtu anavyoijua sebule yake. Nilikuwa namtafuta mdiria mdogo mwenye kishungi, yule wa buluu na kahawia ya moto, ambaye toka mdomo hadi mkia ni sentimita 13 tu. Tukamwona juu ya tete lililoinama, mbali.

"Mzee, tusogee kidogo?"

"Hapana, mwanangu. Tukisogea ataondoka. Tukae, atuzoee."

Tukakaa. Mdiria akaruka, akatua mbali zaidi. Mzee hakugusa kasia. Baada ya kitambo ambacho mkono wangu ulikihesabu kwa maumivu, ndege akarudi, safari hii kwenye tete lililo karibu nasi, akaanza kuyatazama maji kana kwamba sisi ni gogo.

Wakati ule nilikumbuka habari ya ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton. Kitabu cha Richard cha 1895 juu ya viota vya ndege kilipambwa kwa picha zilizopigwa na Cherry, na huyo Cherry baadaye, mwaka 1909, alifika Afrika Mashariki na kamera zake. Kamera za enzi zao hazikuweza kuvuta kitu cha mbali kama zetu. Basi wakatengeneza ng'ombe: ngozi halisi juu ya umbo la kubuni, mpiga picha amejificha ndani, lenzi ikichungulia nje. Sisi wa Imbo tunaelewa mara moja kwa nini walichagua ng'ombe. Ndege hamkimbii ng'ombe. Humfuata, humpanda mgongoni. Na mtumbwi wa mvuvi, katika delta ya Rusizi, ndio ng'ombe wetu: ndege wameuona tangu wakiwa makinda, unapita polepole, hauna haraka nao.

Kwa hiyo ninapoulizwa lenzi gani inatoa picha kali, najibu kwamba ukali unatokana na ukaribu, na ukaribu anautoa ndege mwenyewe. Mita 20 za hewa, ukungu na joto zinakula unyoya kabla haujafika kwenye kioo. Mita 5 haziuli. Anayemfukuza ndege ili amkaribie, au anayepasua majani kufikia kiota, amechukua kwa nguvu kitu kinachotolewa kwa hiari, na mara nyingi picha yenyewe inaonyesha: shingo imekazwa, manyoya yamebana mwili, jicho limejaa hofu.

Asubuhi ile nilibonyeza mara 600. Usiku, umeme uliporudi, nilianza kuchagua, na kazi ya kuchagua ndiyo inayomtofautisha fundi na mwenye kamera. Zilibaki 12. Picha 588 nilizifuta, nyingine zikiwa nzuri kidogo, na hiyo "kidogo" ndiyo inayopoteza watu. Zilizobaki nilizifungua katika faili ghafi, ambayo haijapikwa na kamera, kwa programu ya darktable inayopatikana bure. Kwanza nyeupe: koo la mdiria ni jeupe, na nyeupe ikishaungua hairudi. Kisha nikaondoa kijani ambacho mafunjo yalikuwa yamekirusha tumboni mwake. Chenga nikazisafisha kwenye maji na anga, nikazigusa kidogo sana juu ya ndege, maana mkono ukizidi hapo manyoya yanageuka nta. Mwisho ukali, kichwani tu, mpaka pale uzi mweupe ulipotaka kutokea ukingoni mwa mdomo. Nikarudi nyuma hatua moja.

Siku hizi zipo programu zinazobuni manyoya mahali ambapo kamera haikuona kitu. Picha hupendeza. Lakini unyoya wa kubuni hauwezi kumtambulisha ndege. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kinachohusu ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kina aina zaidi ya 1,300, na nyingi kati yake zinatofautiana kwa mstari wa nyusi, au rangi ya mguu, au ncha ya mdomo. Mambo madogo hayo ndiyo jina la ndege, na ndiyo ninayoyatafuta ninaposema picha kali.

Niliikuza picha ya mwisho hadi jicho likajaa kioo. Kinukta cha jua kilikuwamo, na juu ya kichwa kila unyoya ulikuwa na mistari yake ya buluu na nyeusi. Ndipo nikauona mdomo. Mdiria mdogo mzima, huku kwetu, ana mdomo mwekundu. Huyu wa kwangu mdomo wake ulikuwa mweusi. Alikuwa kinda, ametoka karibuni kwenye shimo la udongo ambamo aina yake huangulia mayai, na samaki aliokuwa akiwalenga asubuhi nzima mbele ya mtumbwi wetu, alikuwa bado anawakosa.