Rais Akiandamana

Sikiza taarifa ya habari ya jioni. Utaambiwa Rais aliandamana na mawaziri wake kwenda kufungua barabara fulani, na hakuna atakayeshtuka. Dakika mbili baadaye mtangazaji yuleyule anakwambia polisi wamewatawanya vijana waliokuwa wakiandamana. Kitenzi ni kimoja. Mzizi wake ni kuandama, yaani kufuata. Ongeza ile -na ya mwisho upate watu wanaofuatana. Basi. Humo ndani hakuna jiwe wala tairi linaloungua, na Ibara ya 37 ya Katiba inaturuhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Lakini hebu jaribu kuita msafara wa Rais "maandamano" uone mhariri atakavyokukazia macho. Kitenzi ni cha wote, nomino imeachiwa polisi.

Kiswahili kina maneno kibao ya kumtaja mtu anayekataa: mwasi, mkaidi, mtukutu, jeuri, mhuni, mchochezi, haini. Shida yangu nayo ni moja: karibu yote hutoka kinywani mwa anayekataliwa. Mkaidi hajiiti mkaidi. Anaitwa hivyo na mzazi, mwalimu au chifu. Shuleni tuliandikia insha ile methali ya mkaidi kutofaidi hadi siku ya Idi, na ilikuwa lazima mhusika apate ajali, alazwe, ajute. Sijawahi kusoma insha ambayo mkaidi alikuwa sahihi na mkuu ndiye akavunjika guu.

Kuasi ndiko kumebeba mzigo mzito zaidi, kwa sababu neno lenyewe linanuka dhambi. Unamwasi Mungu, unawaasi wazazi. Nilipotoka chuoni kabla ya kumaliza, mama mdogo hakusema nimeacha masomo, alisema nimeasi. Karo ilikuwa imeisha, anajua, lakini kitenzi kilikuwa kimeshatoa hukumu. Mahali pekee ninapojua kuasi kunapigiwa vigelegele ni harusini: bwana ameasi ukapera, watu wale pilau.

Mapinduzi nayo inategemea uko upande gani wa mpaka. Zanzibar neno hilo, tangu Januari 12, 1964, liko kwenye jina la Serikali yenyewe, na Tanzania chama tawala kimejiita hivyo tangu 1977. Kenya, mapinduzi ni ile Agosti 1, 1982, na wazee wetu bado wanapunguza sauti wakilitaja. Neno lilelile huku ni likizo ya taifa, kule ni kitanzi.

Ila neno linalonisumbua zaidi ni uchochezi. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye miaka ishirini na ushee, aliandika kijitabu kiitwacho *Kenya: Twendapi?* Ona jina hilo. Ni swali. Kwa swali hilo na hoja zilizolifuata alifungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Sasa, kuchochea ni kazi ya jikoni: unasukuma kuni ndani ili moto uwake vizuri. Hakuna anayechochea jiko lililozimwa. Kwa hiyo serikali ikimwita mtu mchochezi, manze, imekubali bila kutaka kwamba moto ulikuwepo kabla hajafika.

Akiwa gerezani aliandika mashairi yaliyotoka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Wengi hukisoma kwa ajili ya maumivu. Mimi nakisoma kwa ajili ya neno moja, jina la shairi mle ndani: "Siwati". Ni Kimvita, maana yake siachi. Mkaidi hapa anajitaja mwenyewe, kwa kitenzi kidogo cha nyumbani chenye kikanushi mbele, na hakimu hana pa kukishika. Mtu akisema "mimi ni mwasi" ameshakubali shtaka. Akisema "siwati", itabidi umuulize haachi nini.

Juni 2024, tulipoukataa Mswada wa Fedha, mabango mengi yalikuwa ya Kiingereza, na nadhani sababu ni kwamba Kiswahili tulichofundishwa kilikuwa cha kutii. Kilichoshika kwa Kiswahili hakikutoka kwenye kamusi ya uasi hata kidogo. "Zakayo shuka" ni lugha ya shule ya Jumapili: mtoza ushuru, mti, na kitenzi cha amri kinachoelekezwa juu. Hilo ndilo jipya. Katika lugha yetu ya heshima amri hushuka, haipandi.

Jibu lilikuja kwa msamiati wa zamani. Baada ya watu kuingia Bungeni Juni 25, na wengine kupigwa risasi wakafa, tulisikia habari za uhaini na wahalifu. Mwaka 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa baada ya maandamano walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yanayohusu ugaidi. Magazeti ya Kiswahili yaliandika "washukiwa wa ugaidi" kana kwamba ni jina la kabila. Hapo ndipo ninapowalaumu wahariri wetu. "Vijana walioshtakiwa kwa ugaidi" ni maneno manne, na hayamfungi mtu kabla ya kesi.

Neno hilo lina historia hapa. Wakoloni waliwaita Mau Mau magaidi, na marufuku waliyoliwekea kundi hilo mwaka 1950 iliondolewa 2003, miaka arobaini baada ya Uhuru. Miaka yote hiyo, kwenye karatasi za Serikali huru, lilikuwa bado kundi haramu. Wasanii walikuwa wameshatangulia. Tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo kuhusu Kimathi kwa Kiingereza inamtaja akiwa bado kesini. Tafsiri ya Kiswahili haikungoja uamuzi: iliitwa *Mzalendo Kimathi*. Sanamu yake iko kwenye barabara ya jina lake katikati ya Nairobi tangu 2007. Juni ile, watu walipita hapo wakikimbia moshi wa vitoa machozi, na jioni redio ikawaita wahuni.