Mukono wenye kufungwa na vitabu vya maneno

Wandugu, kuna vitabu vyenye vinatumiwa sana China na vyenye nataka tuchambue pamoja: vitabu vya maneno ya Kiingereza kwa wanafunzi. Kushoto neno la Kiingereza, kuume neno la Kichina, basi. Vingi vinafuata alfabeti, njo maana neno "abandon", ni kusema kuacha, limekuwa muzaha huko: wengi wanaanza kitabu, wanashika hilo neno la mwanzo, kisha wanaacha kweli.

Sisemi havina faida. Kuna gaokao, mutihani wa kuingia chuo kikuu, na tangu 1987 kuna CET, mutihani wa Kiingereza kwa wenye kuwa ndani ya chuo. Bila maneno unaanguka. Kukariri maneno wanaita bèi dāncí, na hiyo bèi ni neno lile lile la mugongo: unageuzia kitabu mugongo, unasema yenye imebakia kichwani. Kwa kukusanya maneno, njia hiyo inafaa. Kwa kuyatumia, tuone.

Tuchukue kitu kidogo: mukono wenye kufungwa. Kiingereza kiko na "grip", "grasp", "clutch", "clasp", "clench", "grab", "seize". Upande wa kuume, mara nyingi unakuta wò ao zhuā, kisha tena wò na zhuā pamoja na jǐn, yenye maana yake ni kukaza. Maneno saba, majibu mawili yenye kurudiliwa. Mwanafunzi anaona ni mapacha, anatumia lolote.

Kosa si la Kichina. Kwa mambo ya mukono Kichina ni tajiri sana. Ná ni kushika kwa kawaida. Wò ni kuzungusha vidole, kama kwenye usukani. Kusalimiana kwa mukono ni wòshǒu. Zuàn ni kufungia kitu ndani ya ngumi, niē ni kubana kwa ncha za vidole, jiū ni kukamata na kuvuta, kama sikio la mutoto mukaidi. Munaona? Kichina kinaangalia sana umbo la mukono. Kisha kinaongeza neno la pili kwa kusema matokeo: zhuā peke yake haisemi kama umepata, lakini zhuāzhù inasema kitu kiko mukononi kweli.

Kiingereza kinaangalia pengine. Kinauliza: mwenye kushika iko na nini moyoni? "Clutch" ni ya mwenye kuogopa kupoteza, sawa mama mwenye kukimbia vita na mufuko wake. "Grip" ni nguvu yenye kutulia, sawa seremala na nyundo. Hata tairi inashika barabara kwa neno hilo. "Grab" ni haraka, na mara mingi bila adabu. "Seize" ni kwa nguvu ao kwa amri, kama mali yenye serikali inakamata. "Clasp" inakaa karibu na upendo na sala. "Grasp" imepanda mupaka kichwani: ni kushika na pia kuelewa. Hapo tu Kichina kinakutana nayo, kwa zhǎngwò, kiganja na kushika, maana yake kumudu jambo.

"Clench" njo inaonyesha shida vizuri zaidi. Haihitaji kitu ndani ya mukono: unaikaza ngumi tupu, tena meno, tena taya, kwa neno hilo moja. Kichina kinatenganisha: ngumi ni wò, meno ni yǎo, ni kusema kuuma. Mwenye kufuata kitabu ataandika kwamba mutu alitumia "grip" juu ya ngumi yake, na Mwingereza atajiuliza ni ngumi ya nani. Tusicheke. Sisi tunakunja ngumi, tunakunja uso, tunakunja shati. Ukitafuta neno moja tu la kuyatafsiri, uso utapigwa pasi.

Na haiko mambo ya maksi tu. Fikiri kijana Muchina ng'ambo, mbele ya polisi. Rafiki yake alitaka kupigana, yeye akamushika kifundo cha mukono ili atulie. Kichwani iko na zhuāzhù. Kitabu kilimupa "seize". Polisi anasikia: alimukamata kwa nguvu. Mukono ni ule ule, lakini karatasi inasema jambo lingine.

Ningetaka nini basi? Kwanza, alfabeti ipumuzike. Inatia "clutch" mbali na "seize", na mwanafunzi hakutane nayo siku moja ili ayapime. Yawekwe pamoja kwenye ukurasa mumoja. Pembeni ya kila neno, maulizo tatu: mukononi kuna nini? Ni haraka ao polepole? Mwenye kushika anaogopa, anapenda, ao anaamuru? Kisha mifano miwili, si tafsiri. Ukurasa muzima kwa maneno saba utaonekana mwingi, lakini maneno saba yenye unajua kutumia yanapita mia yenye unatambua tu kwa macho.

Wenzetu wenye munafundisha Kifaransa na Kiingereza huku kwetu, mufungue daftari za wanafunzi wenu. Mistari miwili, kushoto na kuume, iko humo pia. Mutuambie ni maneno gani yanawapotezea watoto.