Kambi Ketele na filamu ya Dieudo Hamadi

Wandugu, muulize mutu wa Boyoma historia ya Kambi Ketele. Atakuhesabia majeshi. Simba waliingia mji tarehe 4 Agosti 1964, makomando wa Ubelgiji wakashuka kwa parashuti tarehe 24 Novemba. 1966, jandarme wa Katanga waliasi, Kolonele Tshatshi akauawa. 1967 ikawa zamu ya mamluki wa Schramme. Hesabu ni ya kweli, lakini ndani yake ni jeshi tu ndilo linatembea. Raia hawaonekani, labda kama maiti.

Juu ya hiyo mimi naipenda filamu ya Dieudo Hamadi, mutoto wa hapa, En route pour le milliard, ya 2020, ile ilichaguliwa Cannes. Inafuata wahanga wa vita vya siku sita, Juni 2000, wakati Rwanda na Uganda walipigania mji usio wao. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Walionusurika, wengine bila miguu, wanapanda mashua kwenda Kinshasa kudai malipo.

Kati ya safari, Hamadi anawaonyesha jukwaani, wakicheza mateso yao wenyewe. Hapo ndipo filamu ina nguvu zaidi. Kwenye kiwanja cha kambi, mwili unafundishwa kutii: simama, geuka, tembea. Jukwaani, mwili uleule uliovunjwa na bomu unaamua wenyewe wapi utasimama na nini utasema. Hamwombi mutazamaji huruma. Anawaacha wagombane, waimbe, wachekane.

Lawama yangu moja: siasa ya vita inapita haraka. Mutu wa mbali atajua maumivu, hatajua vizuri nani alirusha bomu na alitafuta nini. Na deni lina jina. 2005, Mahakama ya La Haye iliona Uganda ina hatia. 2022 ikapanga malipo ya dola milioni 325. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikwama 2006: Mahakama ilisema haina mamlaka.

Hapo tunarudi Ketele. Tarehe 14 Mei 2002, askari walioasi walichukua redio ya mji. RCD-Goma, iliyosaidiwa na Rwanda, ikajibu kwa kuua: raia huko Mangobo, askari na polisi kwenye daraja la Tshopo, miili ikatupwa mtoni. Human Rights Watch iliandika yote mwaka uleule. Lakini pesa za Uganda si za wahanga hao, na mlango wa La Haye kwa upande wa Rwanda umefungwa. Wanabaki na kumbukumbu ya majirani, na majirani wanazeeka.

Wewe wa UNIKIS unayetafuta somo la TFC, usituletee tena orodha ya makolonele. Panda toleka, nenda Mangobo, keti na mama aliyemngoja mumewe siku ile. Andika jina lake kama anakubali, andika alipika nini, alisikia nini redioni. Hamadi alifanya hivyo kwa Juni 2000. Mei 2002 bado inangoja mutu wake.