Mbwa wa Juu, Mbwa wa Bondeni

Orodha nyingi za chanjo na dawa za mbwa zinazozunguka kwenye simu zetu ziliandikwa kwa ajili ya mbwa wa Marekani na Ulaya. Ukizifuata ukiwa Sumbawanga, utanunua kinga ya ugonjwa wa Lyme, ambao kupe wanaoueneza huko hawaishi kwenye uwanda wetu wa Ufipa, kisha utakosa kujihami na ugonjwa ulio chini tu ya ukingo wa bonde. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa karibu mita 800. Mbwa anayelinda ua mjini na ndugu yake aliyepelekwa Muze kuchunga ng'ombe wametenganishwa na mteremko wa mita 1,000. Swali la kwanza, kabla ya kutoa hela dukani, ni hili: mbwa huyu hushinda wapi?

Kichaa cha mbwa hakijali mwinuko. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vya watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Kwa hiyo sindano hii haina mjadala, juu wala bondeni. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini kampeni ya chanjo hurudi kila mwaka, ilhali chanjo nyingi za kichaa zikirudiwa baada ya mwaka wa kwanza humkinga mbwa hata miaka mitatu.

Jibu lilipatikana Serengeti na Ngorongoro. Watafiti, Katie Hampson na Sarah Cleaveland wakiwamo, walifuatilia nani aling'atwa na mbwa gani, kijiji kwa kijiji. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo ya mbwa mmoja. Kwa hesabu hiyo, ugonjwa huzimika ikiwa wakati wote kati ya asilimia 20 na 45 ya mbwa wana kinga. Mbona basi tunaambiwa tuchanje asilimia 70? Kwa sababu mbwa wetu huzaa upesi na kufa upesi. Siku ya kampeni unafikia 70; mwaka ukiisha, waliochanjwa wengine wamekufa na watoto wapya wamejaa uani, na kiwango kimeshuka. Ile 70 ni akiba ya kuteremkia. Tuseme wazi basi: sindano ya kila mwaka ni kwa ajili ya kijiji kuliko kwa ajili ya mbwa wako.

Hapo ndipo kosa la kuwaacha nyumbani watoto wa mbwa siku ya chanjo linapoumiza. Chanjo ya kichaa ina virusi vilivyouawa, haiwezi kumpa mtoto ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wote wachanjwe kwenye kampeni, hata walio chini ya miezi mitatu. Mwenye kitabu cha chanjo atarudia baadaye. Asiye nacho atakuwa amepata angalau ile moja.

Marehemu Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania aliyefanya kazi Serengeti, alipima njia za kuwafikia mbwa wa vijijini kwa chanjo. Kwa wakulima wanaoishi karibu karibu, kituo kimoja kijijini kilitosha. Kwa wafugaji waliotawanyika kilishindwa. Ilibidi kuwafuata walipo. Ukiusoma utafiti wake ukiwa Rukwa unaona ramani yetu: vijiji vya Wafipa juu, nyumba jirani kwa jirani, maboma ya wafugaji bondeni, mbali mbali.

Jambo jingine la kitaalamu ni joto. Chanjo hutakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, na ukitazama safari kutoka Mbeya kupitia Tunduma unaelewa kwa nini wengi hukata tamaa. Timu ya Felix Lankester ilijaribu aina moja ya chanjo ya kichaa, ikachapisha mwaka 2016: baada ya miezi sita katika nyuzi 25, au mitatu katika nyuzi 30, iliamsha kinga isiyopungua ile ya chupa zilizokaa kwenye friji. Kwa uwanda wetu wenye baridi hiyo ni habari kubwa. Ila isichukuliwe kama ruhusa kwa kila chupa, na jihadhari na upande wa pili: chanjo iliyouawa ikigandishwa huharibika, kwa hiyo chupa isilale juu ya barafu ndani ya kisanduku.

Distempa na parvo ni habari nyingine. Chanjo zake zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Joto huviua, na chanjo ikishachanganywa hutumika papo hapo. Magonjwa yenyewe si ya kubuni: distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi. Ukifiwa na mtoto wa mbwa kwa parvo, usilete mwingine kwenye ua huo kabla hajamaliza chanjo. Jiki husafisha sakafu ya saruji, haisafishi vumbi.

Kosa linalorudiwa mno ni kuchanja mara moja akiwa na wiki sita na kudhani kazi imekwisha. Mtoto hupewa kinga na maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo huiua chanjo kabla haijafundisha mwili. Hupungua taratibu, na kwa kila mtoto kwa kasi yake. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Hatuwezi kuiona kwa macho, ndiyo maana sindano hurudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Kama hela inatosha sindano moja tu, ichomwe wiki ya 16, na hadi hapo mtoto asitoke nje ya ua. Ushauri huo hauwafurahishi wauzaji, lakini ndio wenye mantiki. Baada ya rudio la miezi sita au mwaka, hizi hazihitajiki tena kila mwaka. Miaka mitatu inatosha.

Homa ya mgunda, jina tulilolizoea tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022, inagusa Rukwa moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika eneo la Katavi na Rukwa ulikuta dalili za maambukizi kwenye damu ya karibu watu watatu kati ya kila kumi waliopimwa. Ungedhani basi kila mbwa achanjwe. Tatizo ni kwamba chanjo hii hukinga dhidi ya makundi ya vimelea yaliyomo ndani yake tu, na kundi la Sejroe, lile la ng'ombe, halimo kwenye chanjo za mbwa. Kwa mbwa wa ghala la mahindi lenye panya, nitaichoma, na hii kila mwaka. Kwa mbwa wa zizini, sitaitegemea.

Bondeni kuna mbung'o. Nagana humpata mbwa pia: homa, tezi kuvimba, jicho kuwa jeupe. Haina chanjo kwa sababu kimelea hubadilisha gamba lake kila mwili unapolitambua. Dawa inayotibu ng'ombe inaweza kumdhuru mbwa ubongo dozi ikizidi kidogo. Kwa hiyo mbwa wa mjini asipelekwe kuwinda bondeni kwa starehe. Wa huko apakwe dawa ya kufukuza wadudu, na jicho likibadilika apimwe damu.

Minyoo iko kotekote. Mtoto huzaliwa nayo, hivyo dawa huanza wiki ya pili, kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Anayekula mapafu na maini mabichi ya machinjioni anahitaji prazikwanteli pia.

Dukani utapewa ivermektini ya ng'ombe, asilimia 1. Kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50, kwa hiyo hata kwa kipimo hicho hicho mtoto wa kilo 5 angestahili mililita 0.1, tone ambalo bomba la mililita 5 haliwezi kulipima. Mwombe daktari wa mifugo bomba la mililita 1, au uiache chupa hiyo rafuni.